Mwaka wa Mpira Uliodunda

Mwezi uliopita niliitwa posta kuchukua kifurushi kutoka Japani. Nikamwambia karani wa dirishani atazame vizuri, maana mie Japani sina mtu. Akanigeuzia bahasha nisome mwenyewe: jina langu, Kishor, na anwani ya duka letu la kuchapisha, ambalo siku hizi ni duka la vinyago vya watalii. Nikakaa pale pale kwenye benchi nikafungua. Ndani mlikuwa na barua fupi ya Kiingereza na kitabu chembamba cha sheria za besiboli, cha jalada la kijani, kimeliwa na wadudu pembeni, na juu ya jalada muhuri wa duka. Mume wa Masi, dada wa mama yangu, alikuwa na ugonjwa wa mihuri. Akigonga kila kilichotulia juu ya meza, na nadhani paka alinusurika kwa sababu hakutulia. Barua ilikuwa ya binti wa Mwalimu Kenji, mpangaji wetu wa zamani. Baba yake amefariki, yeye anapanga vitabu vyake, amekuta hiki kina muhuri wa watu wengine na jina langu ndani, na hapendi kukaa na mali ya watu. Masikini Kenji. Nikasema Mungu amlaze pema, kisha nikafungua ukurasa wa mipira inayorushwa, nikaitazama ile aya ya herufi ndogo iliyo chini kabisa. Ipo vile vile. Nilikuwa na tamaa ya kijinga kwamba labda miaka thelathini na kitu imeifuta.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nakaa kwa Masi katika nyumba ya ghorofa tatu Mji Mkongwe. Chini duka, katikati sisi, juu kabisa chumba kimoja kilichopangishwa kwa Mwalimu Kenji, Mjapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu. Alikuja na begi la nguo na magunia mawili ya glavu, magongo na mipira migumu yenye mshono mwekundu. Wanafunzi wake wakaipenda hiyo besiboli kabla hawajaijua. Mtu anasimama na gongo, mwengine anamrushia mpira, akiupiga anakimbia kutoka gunia hadi gunia, yaani vituo vitatu vilivyotandikwa uwanjani, mpaka arudi alipoanzia, na hiyo ni alama moja. Mpaka hapo kila mtu alifahamu. Taabu ilikuwa sheria. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha Kenji kilikuwa sawa na Kijapani changu. Siku moja akashuka dukani, akaweka kitabu juu ya meza mbele yangu, akasema, "Kishor. Wewe Kiingereza. Wewe kriketi." Akaondoka. Basi ndiyo ajira yenyewe hiyo. Kwa kuwa Wahindi wa mjini tulicheza kriketi, na kriketi ina gongo na mpira, nikawa mfasiri, mchapaji na mwamuzi wa besiboli ya Unguja nzima, timu mbili: ya mjini na ya kijiji cha Jambiani.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma ya duka, penye mashine ya kurudufu na harufu ya wino ambayo mpaka leo naisikia nikifumba macho. Baada ya alasiri walikuja vijana sita au saba wakakaa juu ya rimu za karatasi. Masi akishusha birika la chai ya maziwa na tangawizi na sahani ya bajia za dengu, akisimama mlangoni kusikiliza. Nilisoma sentensi moja ya Kiingereza, nikaifasiri, halafu wakaanza kuijadili kama walivyozoea kwenye chuo chao cha Kurani, mmoja akiuliza na ikiwa hivi, mwengine na ikiwa vile. Na ikiwa mpira umempiga ndege? Na ikiwa gongo limevunjika, kipande kikaupiga mpira mara ya pili? Masi siku moja alishindwa kuvumilia. "Nyie mnacheza lini?" akauliza. "Mimi naona mnahukumu tu!" Walicheka, lakini hawakuacha.

Mbishi wao mkubwa alikuwa Pandu, mrefu, mwembamba, kapteni wa Jambiani. Alikuja mjini kila Alkhamisi kwa ajili ya kile chumba tu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na hakuruka neno. Mie nilikuwa nikiruka. Nikiona sentensi inazunguka naikata naweka ya kwangu, kwa sababu nilijiona najua inakokwenda. Ndivyo nilivyopata aibu ya kwanza. Tulikuwa uwanja wa Mnazi Mmoja tunafanya mazoezi, mpigaji akaukata mpira ukaenda nyuma yake, mbali, nami nikapiga kelele, "Kimbia! Kimbia!" Kwenye kriketi hiyo ni mali halali, mpira ukienda popote unakimbia. Kijana akakimbia, na wengine wakakimbia, na Mwalimu Kenji akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe besiboli ina mistari miwili, na mpira unaotoka nje ya mistari hauhesabiki. Tangu siku ile wakaniita Kriketi. "Kriketi, chai ipo?" "Kriketi, hii ndani au nje?" Mie si mtu wa kutaniwa, namshukuru Mungu sijawahi kuwa. Niliumia.

Nikaja nikaumia tena. Mpira ulipigwa chini, ukatoka nje ya mstari, ukabingirika ukarudi ndani kabla haujafika gunia la kwanza, hakuna aliyeugusa, ukatulia. Nikasema nje, maana umeshatoka. Pandu akaja na kitabu mkononi. Akaniwekea kidole kwenye mstari. "Mwamuzi, kinasema unapotulia. Hakisemi unapopita." Alikuwa sahihi. Mpira unaweza kutoka na kurudi, na ukitulia ndani kabla ya gunia, basi ni wa ndani. Yeye hakuniita Kriketi. Yeye peke yake aliniita Mwamuzi, na ndiyo maana hayo yaliyokuja baadaye yaliniuma zaidi.

Basi nilipokaa kuchapa kijitabu cha sheria kwa Kiswahili, nia yangu ilikuwa moja: nisiingize kriketi humu hata punje. Nikajiwekea kanuni kichwani. Kwenye kriketi mrushaji huudundisha mpira chini ndipo umfikie mpigaji. Kwenye besiboli unakuja moja kwa moja hewani. Kudunda ni kriketi, kutodunda ni besiboli. Nilipofika ukurasa wa mipira inayorushwa, karatasi ya stensili ilikuwa ya mwisho, na chini ya sheria ile kulikuwa na aya ya herufi ndogo, maelezo juu ya mpira uliodunda kabla ya kumfikia mpigaji. Sikuisoma. Nasema wazi, sikuisoma. Nikaona inaanza na mpira unaogusa ardhi, nikasema aa, hii naijua, nikachapa sentensi yangu: "Mpira uliodunda kabla ya kumfikia mpigaji ni mpira mbaya, na hauhesabiwi kwa lolote jengine." Iliingia vizuri kabisa kwenye nafasi iliyobaki. Nikatoa nakala arubaini, mume wa Masi akazigonga muhuri zote.

Mwisho wa mwaka timu mbili zikakutana Jambiani, uwanja wa skuli. Mshindi atakwenda Dar es Salaam kucheza na timu za Bara, na huko walimu wa chuo kimoja cha ualimu watatazama wachezaji na kuchukua wawili wakawasomeshe ualimu wa michezo. Kila mtu alijua Pandu anaitaka nafasi ile. Alikuwa ameanguka mtihani wa hesabu, mlango mwengine wa chuo hakuwa nao, na Kenji alishamwambia kwamba akionekana tu Dar watamchukua. Siku ya mchezo Kenji mwenyewe hakuja. Alikuwa na homa ya malaria, amelala juu kwa Masi anatetemeka. Nikabaki mie na kijitabu changu.

Tulicheza mpaka zamu ya mwisho, alama saba kwa saba. Jambiani wanapiga, magunia yote matatu yana watu, na mwenye gongo ni Pandu. Ameshakosa mara mbili; akikosa ya tatu ametoka na zamu imekwisha. Akipata kwenda gunia la kwanza kwa njia yoyote ile, aliye gunia la tatu anasukumwa nyumbani, alama ya nane, Jambiani wanakwenda Dar. Mrushaji wetu alikuwa amechoka. Akarusha, mpira ukashuka mapema, ukadunda kwenye mchanga hatua moja mbele ya Pandu, ukampiga goti. Ta! Nilisikia mlio. Pandu akainama, akashika goti, halafu akainua uso akanitazama mimi. Watu wa Jambiani walikuwa wameshaanza kushangilia, maana mpira ukimpiga mpigaji anapewa gunia la kwanza. Nikanyoosha mkono. "Umedunda," nikasema. "Mpira mbaya. Rudi ukapige."

Loo, ilikuwa vurugu. Wakaniingilia wote. Mmoja akatoa kijitabu mfukoni, akafungua, akasoma kwa sauti ile sentensi yangu, hauhesabiwi kwa lolote jengine, na sauti ikamfia njiani. Kimeandikwa. Kina muhuri. Nilisimama pale nimejaa kiburi kama nimeandika Msahafu. Pandu peke yake hakubisha. Alinitazama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa. "Naam, Mwamuzi," akasema. Akarudi, akachukua gongo, mpira uliofuata akaukosa. Wakatoka. Tukacheza zamu ya nyongeza na mjini tukapata alama mbili.

Jambiani wana utu wao. Tumewafunga, na bado wametuandalia chakula. Mama yake Pandu, Bi Mize, alikuwa amepika wali wa nazi na pweza kwa timu zote mbili, na mimi akaniita pembeni. "Weye huli haya, nshaambiwa," akasema. Akaniwekea sahani ya ndizi mbichi za nazi na mchicha, akanionyesha na sufuria yenyewe, mpya, haijaguswa na samaki. "Shikamoo, Bi Mize," nikasema. "Marahaba. Kula." Nilikaa ukumbini karibu na mlango wa ndani, magunia ya mwani mkavu yamepangwa mpaka dirishani, nakula kwa raha zangu. Kutoka ndani nikamsikia Bi Mize anazungumza na mwanawe. Walisema kwa lahaja yao, nami nnaandika kwa lugha ya mjini. "Mguu si ulikuwa wako?" akamwambia. "Ungeuondoa." Kisha akamkazia, "Nakuuliza, mbona hukuuondoa?" Nikafikiri, ama kweli wazazi, mtoto ameumizwa na bado anagombezwa kwa kuumia. Nikaongeza mchicha.

Tulikwenda Dar. Mchezo wa pili, nimekaa benchi pembeni ya Kenji ambaye amepona, mrushaji wa timu ya kule akaudundisha mpira, ukampiga mpigaji mguuni. Mwamuzi akanyoosha mkono kuelekea gunia la kwanza, na mpigaji akaenda. Hapana aliyebisha. Nikachukua kitabu cha kijani kutoka mapajani kwa Kenji, nikaisoma ile aya ya herufi ndogo. Mpira uliodunda bado uko hai. Mpigaji akiupiga, umepigwa. Ukimgusa yeye, anakwenda gunia la kwanza. Nilisoma hapo nikafunga. Hata siku ile sikuimaliza aya. Kenji aliniona. "Hiyo uliandika?" akaniuliza, taratibu. "Ndiyo," nikamwambia. Nilimdanganya macho makavu. Chuo kikachukua vijana wawili wa timu yetu, na mmoja wao leo ni mwalimu mkuu. Kila nikimwona ananiita mwamuzi wake, nami nageuza mazungumzo.

Pandu akawa fundi wa kujenga. Miaka yote hii tumeonana pengine mara kumi, harusini, misibani, njiani, na kila mara nilimwona anakaa amenyoosha mguu mmoja mbele, na kila mara nilijua ni goti lile. Sikwenda kumtafuta. Mtu mzima, na watoto na wajukuu, naogopa kwenda Jambiani! Mke wangu akinambia kapumzike pwani, namwambia Nungwi. Nilipotoka posta na kitabu kile nikaona sasa basi. Kenji ameshakufa na uwongo wangu masikioni. Huyu mwengine nimuwahi.

Nilimkuta barazani kwake, ndevu nyeupe, mguu umenyooshwa. Bi Mize amefariki zamani. Nyumba imeongezwa vyumba, ukumbi ni ule ule, ila magunia hayapo. Tulikunywa chai kwa mkate wa ufuta, tukamzungumza Kenji, Pandu akafuta macho kwa kiganja. Nikamwambia, "Pandu, nnalo jambo, na limenikaa. Siku ile ya mpira uliodunda."

"Wacha," akasema. "Wacha nianze mie, maana mie ndiye mwenye deni la maneno. Sijawahi kukushukuru."

"Kunishukuru nini?"

"Kunistiri." Akaweka kikombe chini. "Ile aya ndogo mie niliisoma. Pale pale kwa Masi, nimekaa ngazini, kwa kidole changu. Mpira ukidunda ukamgusa mtu, anapata gunia. Nikaona kwenye kijitabu hukuiweka, nikasema Mwamuzi ana sababu zake, uwanjani atafuata kitabu cha kijani. Nikaitia moyoni. Siku ile nimekosa mara mbili, magunia yamejaa, nauona mpira unadunda unakuja gotini. Nilikuwa na nafasi ya kuuondoa mguu, Kishor. Nafasi kubwa. Nikauwacha. Nikauwacha unipige nende Dar." Alicheka kidogo, bila furaha. "Na aya inasemaje mwishoni? Mpigaji lazima ajaribu kukwepa. Asipojaribu hapati kitu, ni mpira mbaya, arudi akapige. Nilipoinua uso nikakuona unanitazama, nikajua umeniona. Ungeweza kusema mbele ya watu wote, huyu kajipigisha. Mama yangu yuko pale. Weye ukasema umedunda, basi. Miaka yote watoto nnaowafundisha hapa uwanjani nawaambia, nilichezeshwa na mwamuzi mmoja wa mjini, Muhindi, ana jicho hilo, na ana heshima zake."

Nilimsikia Bi Mize, wallahi nilimsikia, kutoka mlango wa ndani. Mbona hukuuondoa? Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye neno lile, mchicha mdomoni, na sikulifahamu. Nami nakiri, kwa muda mdogo nilitaka kunyamaza. Nani angejua? Nimekuja kuvua mzigo, nimekuta nimevishwa joho. Ningekunywa chai yangu nikarudi kwangu Mpendae nikiwa mwamuzi mwenye jicho. Lakini kitabu kilikuwa kwenye mkoba, na mie nimeshachoka nacho.

"Pandu," nikamwambia, "sikuona chochote. Sikujua hata hiyo sheria. Niliiruka kwa sababu karatasi ilikuwa inakwisha na nilijiona najua. Nilikuja kuijua Dar, kwenye benchi, na Kenji aliponiuliza nikamdanganya. Mie nimekaa miaka yote hii najua kwamba nimekunyang'anya chuo." Machozi yakanitoka, mzee mzima, na sikuyafuta. "Kila nikiliona hilo goti lako…"

Nikaona uso wake unabadilika, na sikujua utatulia wapi. Akautazama mguu wake ulionyooka. "Huu wa kushoto," akasema. "Nilianguka kwenye kiunzi cha ujenzi. Mpira ulinipiga wa kulia." Akaukunja wa kulia, akaukunjua. "Huo mzima kabisa." Halafu akaanza kucheka, na safari hii kilikuwa kicheko chenyewe, mpaka mkewe akatoka kuuliza kuna nini. "Hukuona chochote!" akasema. "Alaa! Na mie nimekusifu Jambiani nzima!" Akacheka tena, kisha akaacha ghafla, akafuta uso. "Mwaka mzima sikutoka nyumbani, unajua? Nilikuwa nimenuna. Si na weye. Na mwenyewe."

Aliingia ndani, akarudi na kijitabu. Kimoja kati ya vile arubaini, kimeshonwa upya kwa uzi wa nailoni, muhuri bado unasomeka. Akakifungua ukurasa ule, akanipa kalamu. "Andika," akasema. Nikafungua kitabu cha kijani juu ya goti, nikaanza kuandika pembeni kwa herufi ndogo, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Nilipofika penye kwenda gunia la kwanza mkono ukasita. Sikutaka kuliandika lile lililobaki mbele yake.

"Andika yote," akasema Pandu. "Usiruke tena."

Nikaandika yote, pamoja na kukwepa. Akakivuta kijitabu, akaisoma kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka mwisho. Kisha akajiweka sawa juu ya kiti, akanitazama kama alivyonitazama siku ile. "Haya. Umedunda, umenipiga goti, na mie sikuuondoa mguu. Toa uamuzi."

"Mpira mbaya," nikamwambia. "Rudi ukapige."

"Naam, Mwamuzi," akasema, akaninyooshea mkono nimpe kikombe changu anitilie chai nyengine.